Gimbi Lililogeuka Mtoto

Mama na mwanawe wa kwanza wako shambani wanachimba magimbi. Kijana, jina lake Murile, anaokota gimbi moja, analipangusa udongo, analigeuzageuza, kisha anasema ni zuri kama mdogo wake mchanga. Mama anamkatiza: tangu lini gimbi likapendeza kama mtoto? Murile ananyamaza. Analificha kwenye tundu la mti, analinuizia maneno, na kesho yake anaporudi anakuta mtoto. Tangu siku hiyo kila chakula anachopewa nyumbani anakimega, sehemu anampelekea wa mtini, na mwili wake unaanza kukonda. Wadogo zake wanamnyemelea, wanaona, wanapeleka habari kwa mama. Mama anakwenda hadi kwenye ule mti na kumwua yule mtoto.

Msikilizaji anayedai kwamba Afrika Mashariki haina hadithi za kutisha za kwake, kwamba mambo hayo ni ya filamu za Marekani na za Korea, aanzie hapa. Hadithi ya Murile ni ya Wachagga, imezaliwa kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Alice Werner, msomi Mwingereza wa lugha za Kibantu, aliisimulia mwaka 1933 katika kitabu chake Myths and Legends of the Bantu, akitegemea yale yaliyoandikwa na wamisionari wa Kijerumani waliokaa mlimani miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Ndani yake hamna jini, hamna kaburi linalofunguka, wala tone la damu lililoelezwa. Kuna mama anayeona mwanawe anakonda na kutafuta chanzo. Ukimwuliza yeye, atasema alikuwa anaokoa mtoto wake.

Kinachofuata kinazidi. Murile anarudi nyumbani analia. Wakimwuliza, anasema ni moshi wa jikoni unamwumiza macho. Wanamwambia ahamie upande wa pili wa moto. Anahama, bado analia. Mwishowe wanamwambia achukue kiti cha baba yake akakae uani. Anakichukua, anakaa, anakiimbia, na kiti kinaanza kupanda. Familia inatoka mbio kumwita, lakini kiti hakisikii mtu. Kinampeleka hadi kwa watu wa mwezini, ambao hawajui moto na wanakula vyakula vibichi. Anawafundisha kupika, wanamlipa ng'ombe, anatajirika, kisha anakumbuka kwao. Njiani kurudi anachoka, na fahali wake anakubali kumbeba kwa ahadi moja tu: siku atakapochinjwa, Murile asiile nyama yake. Anaahidi. Miaka inapita, fahali anazeeka na kuchinjwa, na mama, akiona si haki mwanawe akose kila kitu, anahifadhi mafuta na kumpikia kwa siri. Murile anapotia tonge kinywani, nyama inamsemesha, inamwuliza kwa nini anamla aliyembeba. Ardhi inaanza kummeza, miguu, magoti, kiuno, mpaka hayupo tena.

Mama ni yule yule mwanzo na mwisho, na mara zote mbili anasukumwa na jambo lile lile: mwanangu ale. Huu ndio ufundi ambao kipindi cha leo kinautafuta katika vitabu vinavyopendekezwa kwa mapumziko ya mwisho wa mwaka, wakati Moshi inajaa magari yenye namba za Dar es Salaam na Arusha, wajukuu wanapandishwa Rombo, Marangu, Kibosho na Machame kuwaona babu na bibi, na jioni watu wengi wanakaa chini ya paa moja. Filamu nyingi za kutisha zinatoka nje kuja ndani: mgeni anabisha hodi, mnyama anatoka porini. Hadithi bora za kwetu zinaanzia ndani. Hatari imo katika udugu, katika kile ambacho mzazi anampa mtoto na mtoto hawezi kukikataa. Kigezo hicho kimewaacha nje waandishi kadhaa wanaouza sana, na kimewaingiza ndani baadhi ambao majina yao hayatajwi mara nyingi.

Mfano mwingine wa Wachagga unaonyesha jambo hilo kwa ufupi. Marwe na kaka yake wametumwa kulinda shamba la maharage lisivamiwe na nyani. Kiu inawashika, wanakwenda kunywa maji, wanaporudi shamba limekwisha. Marwe anawaogopa wazazi wake kiasi kwamba anajitupa kwenye dimbwi refu la maji. Chini kabisa anakuta nchi nyingine na bibi kizee anayempokea, na baadaye anatakiwa kuchagua kati ya moto na baridi. Anachagua baridi, na mkono wake unatoka umejaa bangili. Wasimulizi wa watoto hupenda kukimbilia hizo bangili. Msomaji mtu mzima atabaki pale mwanzoni, kwa binti aliyeona maji yenye giza ni salama kuliko uso wa baba yake.

Ni vigumu kusoma habari za Marwe bila kufikiria Ziwa Chala, lile ziwa la shimo la volkano chini ya Rombo lililogawanywa na mpaka wa Tanzania na Kenya, lenye kingo kali na maji yanayolishwa kutoka chini ya ardhi. Charles New, mmisionari Mwingereza, alifika hapo mwaka 1871, na kati ya masimulizi ya watu wa huko limo lile la boma la Wamasai lililotoweka pale pale, sauti za mifugo na watu zikaendelea kusikika. Hakuna ushahidi kwamba Chala ndilo dimbwi la Marwe. Lakini mwandishi kijana wa Tarakea au Holili anayetafuta mahali pa kuweka hadithi yake hana haja ya kukopa kasri la Ulaya.

Wasimulizi wa hadithi hizi ndio waandishi wasiojulikana kuliko wote, kwa sababu majina yao hayakubaki. Yaliyobaki ni majina ya waliowaandika. Bruno Gutmann, mchungaji Mlutheri wa misheni ya Leipzig, alikaa Old Moshi kwa miaka mingi kabla na baada ya vita vya kwanza vya dunia, na mwaka 1914 akachapisha Volksbuch der Wadschagga, mkusanyiko mkubwa wa hadithi za Wachagga kwa Kijerumani. Humo na katika maandishi ya wenzake mnatembea irimu, zimwi la mlimani. Mojawapo ya hadithi hizo, ambayo Werner pia anaitaja, inastahili kuwekwa pamoja na chochote kilichoandikwa duniani kuhusu mtu kugeuka kiumbe kingine: mtu anavunja mwiko, miiba inaanza kumwota mwilini mpaka anakuwa kichaka kinachotembea, kinachomeza kila kinachokutana nacho. Kabla hajapotea kabisa anamwambia ndugu yake arudi nyumbani. Ndugu anakwenda kwa mpiga ramli na kuambiwa dawa ni kukichoma kile kichaka. Fikiria uko mahali pake, na kiberiti kiko mkononi mwako.

Sasa kitabu chenyewe, kile ambacho mazungumzo haya yameandikwa kwa ajili yake hasa. Kinaitwa Mirathi ya Hatari, kimeandikwa na C. K. Omari, na kilichapishwa na Tanzania Publishing House katika miaka ya 1970, enzi ambazo kampuni hiyo ya umma chini ya Walter Bgoya ilikuwa ikitoa vitabu vilivyosomwa bara zima. Cuthbert Omari hakuwa mtunzi wa kujikimu kwa riwaya. Alikuwa mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na utafiti wake wa shahada ya uzamivu ulihusu dini na ibada za asili za Waasu, ndio Wapare, majirani wa Wachagga katika mkoa huu huu wa Kilimanjaro. Mtu aliyetumia miaka kuuliza wazee wa milimani wanamwabuduje Mungu na wanawakumbukaje wafu wao, baadaye akakaa na kuandika riwaya kuhusu uchawi. Matokeo yake hayafanani na kitabu kingine chochote cha Kiswahili.

Kiini chake kinaelezeka kwa sentensi moja. Mustafa, kijana aliyesoma, anaitwa nyumbani kwa sababu baba yake yuko taabani, na urithi anaoachiwa si shamba tu wala mifugo, bali ni uchawi wa baba na nafasi yake katika kundi la wachawi. Omari hapotezi muda kubishana kama uchawi upo au haupo. Anauliza swali gumu kuliko hilo: mtoto mwema, aliyelelewa kumtii mzazi, anakataaje neno la mwisho la baba anayekata roho? Katika jamii ambamo kumkaidi anayekufa kunaaminiwa kuleta laana, utii wenyewe unakuwa mtego. Mustafa hasukumwi na tamaa. Anaingia kwa adabu, akiwa na heshima zake zote. Mwisho wake hautasimuliwa hapa, maana anayekifungua kitabu hiki kwa mara ya kwanza ana haki ya kufika mwenyewe.

Nguvu ya riwaya hii kwa msomaji wa Moshi inatokana na jina lake. Hakuna familia ya mlimani ambayo haijui uzito wa mirathi. Kihamba ni ardhi ndogo yenye migomba, kahawa na makaburi ya wazee, na kwa desturi hurithiwa na watoto wa kiume, wa kwanza na wa mwisho wakiwa na nafasi zao maalumu. Ardhi haiongezeki, watoto wanaongezeka. Sally Falk Moore, mwanaanthropolojia Mmarekani aliyechunguza sheria za kimila za Kilimanjaro kwa miaka mingi, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1986 jinsi ugomvi wa vihamba ulivyoweza kwenda sambamba na tuhuma za uchawi ndani ya ukoo mmoja, kaka kwa kaka. Omari alikuwa ameligusa jambo hilo hilo kwa njia ya riwaya, upande wa pili wa barabara ya Same. Anayesoma vitabu hivyo viwili kwa pamoja ataelewa kwa nini Mirathi ya Hatari inatisha hata mchana.

Kuna mazingira pia. Milima ya Upare ina misitu ya ukoo iliyokuwa haikatwi kuni, na ina mahali ambapo mafuvu ya wazee yalihifadhiwa ili waendelee kuwa karibu na kizazi chao. Profesa Isaria Kimambo, katika historia yake ya Wapare iliyotoka mwaka 1969, alieleza pia mshitu, jando la msituni lililowafunda vijana kwa ukali na siri. Omari aliyajua hayo kama mtafiti, kwa hiyo usiku wake una taratibu, vyeo na masharti. Wachawi wake si vivuli vya kupita. Wana vikao, wana wivu wa madaraka, wana kumbukumbu ndefu. Wanafanana na kamati ya kijiji, na hapo ndipo nywele zinaposimama.

Jambo moja lisemwe kwa sauti wakati wa kupendekeza kitabu cha uchawi nchini Tanzania. Hapa uchawi si mapambo ya hadithi tu. Sheria ya Uchawi iko vitabuni tangu 1928, vikongwe wameuawa Kanda ya Ziwa kwa sababu ya macho mekundu yaliyoletwa na moshi wa kuni, na kuanzia karibu mwaka 2007 dunia ilishtushwa na mauaji ya watu wenye ualbino yaliyofanywa na wanaotafuta utajiri. Mwandishi anayemchora bibi wa kijiji kama mla watu, bila jina na bila maisha, anaongeza kuni kwenye moto huo. Ndiyo maana kwenye mapendekezo ya leo hamna hadithi nyingi za magazetini zinazotegemea kikongwe, ungo na fisi. Si kwamba hazitishi. Zinamtisha msomaji kwa kumwelekeza mtu wa kumchukia, na mtu huyo huwa jirani asiye na wa kumtetea. Kwa Omari uchawi unashikwa na wenye mamlaka, akina baba wenye heshima zao, na anayeumia ni mrithi.

Upande mwingine wa hoja hiyo unashikiliwa na Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Jina lake linajulikana, ila vitabu vyake vinakumbukwa zaidi kwa mitihani kuliko kwa raha. Mzimu wa Watu wa Kale kilishinda shindano la uandishi wa Kiswahili la mwaka 1957 na 1958, kikachapishwa 1960. Maiti inapatikana mahali pa mzimu, watu wanaamini wazee wa kale wamekasirika, na Bwana Msa, mtu mwenye kiko chake na subira isiyo na mwisho, anakaa kufikiri. Mwandishi anampa msomaji hofu yote ya mzimu, giza lake, minong'ono yake, kisha anamwonyesha mwanadamu aliyejificha nyuma yake. Kisima cha Giningi, cha mwaka 1968, kimechukua jina kutoka kwa Giningi, mahali ambapo katika masimulizi ya Zanzibar wachawi hukutana. Visomwe kabla ya Omari au baada yake, vyovyote vile. Vinabishana naye vizuri. Na kwa anayependa hofu isiyo na mzimu hata kidogo, kuna Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, ya mwaka 1965, kati ya riwaya za kwanza za upelelezi kuandikwa na mtu wa Tanzania Bara. Ni kitabu chembamba, kinasomeka kwenye basi kati ya Moshi na Korogwe.

Said Ahmed Mohamed ni jina kubwa katika fasihi, lakini Babu Alipofufuka, riwaya yake ya mwaka 2001, haishikwi mikononi mwa watu kama Utengano. Ni bahati mbaya. Mhusika wake mkuu, K, ni mtu aliyefanikiwa, ana cheo, ana gari, amesahau alikotoka. Babu yake aliyekufa anamrudia na kumtembeza katika safari za ajabu, akimlazimisha kuona. Ni hofu ile ile ya mrithi, ila imepinduliwa: kwa Omari mfu anamwachia mtoto kitu kibaya, na kwa Said Ahmed Mohamed mfu anakuja kudai kizuri kilichotupwa. Wale wanaopanda mlimani kila Desemba kutoka kwenye nyumba zao za Mbezi na Njiro, wakaegesha gari pembeni ya kaburi la babu lililozungushiwa masale, wana sababu ya kukisoma kitabu hiki taratibu. Lugha yake si rahisi. Ina kejeli, ina picha zinazopindana, na kurasa za mwanzo zinahitaji uvumilivu.

Kisha William Mkufya, mzaliwa wa Lushoto, kwenye milima ya jirani. Ziraili na Zirani, ya mwaka 1999, inamhamisha msomaji kutoka duniani hadi ahera, kwa malaika wa mauti na roho zinazobisha. Ni kitabu cha mawazo mengi, na mahali fulani hoja zinaizidi hadithi nguvu. Lakini picha zake za huko ng'ambo zina ukubwa ambao hauonekani mara kwa mara katika riwaya ya Kiswahili, na mtu aliyelelewa kanisani au msikitini atazisoma akiwa na wasiwasi halali.

Waandishi wa vitabu vya mfukoni wapewe nafasi yao, ingawa kwa haraka. Hammie Rajab aliandika Miujiza ya Mlima Kolelo, akichukua jina la mahali halisi huko Uluguru ambapo Kolelo, mwenye pango na sauti, aliheshimiwa na kuogopwa kwa vizazi. Kutoka kwenye vitabu vya aina hiyo na hadithi za magazeti ndiko ilikotoka filamu ya kutisha ya Kitanzania: Mussa Banzi alitengeneza Nsyuka na Shumileta mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kanda zake zilizunguka kila mtaa wenye televisheni. Ubora wa picha ulikuwa wa enzi zake. Hata hivyo Nsyuka ilithubutu kuchukua kiumbe wa masimulizi ya Wanyakyusa wakati wengine walikuwa wakiiga Nigeria, na uthubutu huo una thamani kuliko vifaa.

Kwa anayesoma Kiingereza, jina la kulishika ni Dilman Dila, Mganda aliyezaliwa Tororo, karibu na mpaka wa Kenya. Mkusanyiko wake A Killing in the Sun ulitoka mwaka 2014, na hadithi iliyobeba jina hilo ilikuwa imeingia katika orodha fupi ya tuzo ya hadithi fupi ya Jumuiya ya Madola mwaka 2013. Kuna humo hadithi ya mbu waliobadilishwa maabara na kijiji kinachoisha, na mtu mmoja anayejifunika majani ili aishi. Msomaji wa Kahe au TPC, kwenye tambarare ambako malaria haijawahi kuwa habari ya mbali, hatahitaji kuelezwa kwa nini inatisha.

Mlima wenyewe umeingia katika fasihi ya dunia kwa mlango wa mtu mmoja. Mwaka 1926 mchungaji Richard Reusch wa misheni ya Marangu alikuta mzoga wa chui umeganda karibu na ukingo wa Kibo, juu ya mahali chui anapoweza kupata chakula, na miaka kumi baadaye Ernest Hemingway akamweka chui huyo mwanzoni mwa hadithi yake ya theluji za Kilimanjaro. Ni hadithi nzuri. Lakini watu wa mlimani hawamo ndani yake, na imekuwa ikitajwa kila mara kana kwamba kabla yake mlima ulikuwa bubu.

Ipo hadithi kubwa ya kutisha ya Moshi ambayo inasubiri mwandishi wake, na kila kilichomo ndani yake ni kweli. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga huko Old Moshi mtawala wake, Mangi Meli, pamoja na viongozi na askari wengine 18. Mti uliotumika unaonyeshwa hadi leo Tsudunyi. Inaaminika kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, na mjukuu wake ametumia miongo mingi akikitafuta, hadi kutoa sampuli ya vinasaba mwaka 2018. Mwezi Septemba 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba mafuvu kadhaa kutoka Kilimanjaro yamelinganishwa na ndugu walio hai Tanzania, na moja limeoana kabisa: la mtu aliyekuwa msaidizi wa karibu wa Meli. La Meli mwenyewe halikuwemo. Kwa watu ambao mila yao inataka wazee walale kihambani karibu na watoto wao, mwili usio na kichwa kaburini si mfano wa kifasihi. Atakayeandika riwaya hiyo ajue kwamba hana haja ya kuongeza mzuka. Kabati la Berlin lenye namba kwenye rafu linatosha, na mzee anayesubiri barua kutoka huko anatosha.

Sasa kuhusu kuvipata. Maktaba ya mkoa hapa Moshi, iliyo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, ni mahali pa kwanza pa kuuliza, na anayeuliza asikate tamaa akiambiwa kitabu hakionekani rafuni. Aache jina, aulize tena wiki inayofuata, kwa sababu kitabu kinachoulizwa mara nyingi hukumbukwa wakati wa kuagiza. Wauzaji wa vitabu vya mitumba nao wana macho makali. Ukimtajia mmoja Mirathi ya Hatari leo, kuna uwezekano mkubwa akakupigia simu kabla ya mwezi kwisha.

Na visomwe kwa sauti. Kizazi kilichokua na Radio Tanzania Dar es Salaam kinakumbuka kipindi cha Mama na Mwana, Deborah Mwenda akisimulia na watoto wa nyumba nzima wametulia. Hadithi za Marwe na Murile zilitungwa kwa ajili ya sikio. Mwenye mjukuu wa miaka kumi anaweza kumsimulia Marwe bila wasiwasi. Murile asubiri kidogo, labda hadi mjukuu afikishe miaka kumi na mitatu, na mama yake akiwepo chumbani mazungumzo yatakayofuata yatakuwa marefu. Mirathi ya Hatari ni ya watu wazima, hasa ndugu wanaotarajia kukaa kikao cha ukoo mwaka huu. Wasome wote kabla ya kikao.

Wachapishaji nao wana la kufanya, na ombi hili linatumwa kwao moja kwa moja. Riwaya ya Omari inahitaji toleo jipya lenye dibaji inayoeleza mwandishi alikuwa nani na alichunguza nini Upare. Hadithi alizozikusanya Gutmann na wenzake zinahitaji kurudi nyumbani kwa Kiswahili cha leo, zikitafsiriwa na mtu anayejua Kichagga cha mahali zilikotoka, kwa sababu cha Rombo si cha Machame, na zikiwekwa bei ambayo mwanafunzi wa sekondari ya Kata anaweza kuilipa. Mhariri atakayeanza kazi hiyo awatafute wazee ambao bado wanasimulia Murile, huenda kwa namna tofauti na ile ya Werner, na matoleo yao yaandikwe sasa, majina ya wasimulizi yakiwa yamechapishwa mwanzoni mwa kila hadithi.